Salfa Haikai na Maranda

Haya nawaandikia ninyi mnaofanya useremala nyumbani, kwenye banda la uani, jiko upande huu na kuku upande ule. Wenye karakana kubwa wana watu wao wa kuwaambia. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Nimefanya kazi ya mbao tangu nilipotoka unyagoni mpaka juzi hapa, Nachingwea kwanza, kisha Ruangwa. Nimeiacha kazi nikiwa na vidole vyote na macho yote mawili, na wa kuwashukuru ni wengi. Nitawataja kila mmoja mahali pake.

Sababu yenyewe ya kuandika ni binti yangu Somoe. Ndiye aliyeshika banda langu sasa, na nusura kazi imtoke mikononi, na roho imtoke pamoja nayo, kwa sababu ya magunia ambayo hata hayakuwa ya useremala. Nikifika hapo mtaona. Naanza mwanzo.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu Mfaume, kaka yake mama, fundi wa Nachingwea. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, baba awe hai asiwe hai. Siku aliposema, "Hawa atakuja kwangu ajifunze mbao," baba yangu aliuliza tu nitalala wapi. Watu walitegemea atachukuliwa mdogo wangu Issa, maana ndiye mwanamume. Mjomba alimpa Issa nyundo na msumari, akamtazama anavyopiga, akasema, "Huyu akalime." Issa hajamsamehe mpaka leo, ingawa mikorosho yake imenyooka kuliko ya mtu yeyote ninayemjua.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa msumeno. Mjomba alinipa ubao mrefu wa mninga, akaniambia niingie nao mlangoni nikauweke mwisho wa banda. Basi. Nikaingia. Ubao ukagonga taa, nikageuka kuangalia taa, mkia wa ubao ukaangusha kopo la gundi lililokuwa juu ya mkaa. Wakati ule gundi ilikuwa ya kuchemshwa. Ikanimwagikia mguuni. Alama yake ninayo.

Nilingoja kupigwa. Mjomba alinimwagia maji ya mtungi mguuni, akaendelea kumwaga mpaka mtungi ukaisha, kisha akakaa chini akasema, "Aliyeweka gundi njiani ni nani?"

"Ni wewe mjomba."

"Basi kosa la nani?"

Nilikuwa nimefundishwa adabu majuzi tu, siwezi kumwambia mjomba wangu kosa ni lake.

"Sema," akasema. "Humu ndani adabu ni kusema."

Nikasema. Akaamka, akakanyaga kutoka mlangoni mpaka ukutani akivuta mguu kwenye vumbi, akachora njia. Akahamishia kila kitu pembeni mwa njia ile, na mimi nachechemea nyuma yake nikibeba. Mafundi wengine wanapanga vitu kwanza, kisha wanapita palipobaki. Mjomba alikuwa anapanga njia kwanza, vitu vinachukua palipobaki. Njia lazima itoshe mtu aliyebeba mlango kwa ubavu na akageuka bila kugusa kitu. Kama haitoshi, kitu kimoja kitoke nje, hakuna mazungumzo. Hilo ndilo somo langu la kwanza, na ningekuwa na uwezo wa kuwafundisha moja tu, ningewapa hilo hilo.

Patasi zake zilikuwa za wakati wa mashamba ya karanga ya Waingereza. Alizirithi kwa mjomba wake, na chuma kilikuwa kizuri kweli. Alizinoa kila asubuhi kabla ya chai, hata kama jana hazikufanya kazi. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia chombo kikali kinakwenda unapokipeleka, chombo butu kinakwenda kinapotaka chenyewe, na mara nyingi kinapenda kwenda kwenye kiganja cha kushoto. Niliwahi kudhani anatia chumvi. Baadaye nikaona viganja vya mafundi wengine.

Mkongo alinikataza kuupiga msasa bila kufunga kitambaa puani. Vumbi la mkongo linawasha pua na koo, utapiga chafya mpaka jioni. Mpingo ni mbaya zaidi, unawasha mpaka macho na ngozi. Siku hizi kuna barakoa na miwani kila duka la vifaa, na bado nawaona vijana wanafumba macho wakikata. Kufumba macho siyo miwani.

Mjomba alipozeeka alinikabidhi sanduku la zana mbele ya ukoo wote. Wengine walinong'ona kwamba mwanamke akitengeneza milango atamfungia mumewe nje. Nilipoolewa, mume wangu Selemani aliambiwa maneno hayo hayo, akajibu, "Akinifungia nitalala banda la mbao, kuna joto." Huyo ndiye mume niliyepewa. Mkulima wa korosho na ufuta, shamba lake Mandawa, nyumba yetu Ruangwa mjini. Alinijengea banda uani kwa mikono yake, nguzo za mti mgumu, bati jipya wakati nyumba yenyewe bado ina bati kuukuu. Namshukuru. Nitamsema vilevile, kwa sababu hayo mawili yanakaa pamoja.

Ubaya wa banda zuri ni kwamba kila mtu analiona. Lina bati lisilovuja, lina kufuli. Wa kwanza kuingia alikuwa Selemani mwenyewe na gunia la ufuta, "mpaka soko lifunguke." Soko likafunguka, gunia likatoka, akaingiza baiskeli mbovu. Wifi yangu akaleta sufuria za shughuli. Jirani akaleta bati zake za kujengea. Kila kitu kilikuja kwa siku moja tu, na kila kitu kilikaa kama kimeoa. Mimi nilikuwa nasukuma, nahamisha, napigana na njia yangu isizibwe. Katika nyumba zetu hizi huwezi kumwambia wifi sufuria zake hazina nafasi halafu ukaishi kwa amani. Mnajua ninyi.

Miaka ilikwenda hivyo. Kisha umeme ukafika mtaani, machimbo ya dhahabu ya Namungo nayo yakachangamka, wakaja wateja vijana wenye haraka. Mchimbaji akipata leo anataka kitanda leo. Nikanunua grenda ya kukatia chuma, kisha drili, kisha msumeno wa umeme. Mashine zilinirahisishia kazi, sikatai, lakini mashine haijui kwamba umegeuka. Msumeno wa mkono ukikukata unakukata kidogo, unashtuka, unaacha. Wa umeme haukupi nafasi ya kushtuka.

Redio niliipiga marufuku mashine ikiwa inazunguka. Huku kwetu mpira ni ugonjwa. Fundi mmoja jirani, Bakari, mnene, mtu mwema, alikuwa anapasua ubao huku anasikiliza mechi. Timu yetu ikafunga. Bakari akashangilia kwa mikono yote miwili. Ubao ukarudi nyuma ukampiga tumboni akakaa chini. Nilipofika alikuwa bado anahema, akaniuliza, "Goli limekubaliwa?" Nikamwambia limekubaliwa, na angekuwa mwembamba tungekuwa tunamzika. Mpaka leo akinipita njiani anajipapasa tumbo.

Somoe ni binti yangu wa pili. Alijifunza kwangu akiwa mkubwa, baada ya kuachika na kurudi nyumbani na watoto. Hakuja kwa kupenda, alikuja kwa sababu watoto wanakula kila siku. Kumbe mkono anao. Viungo vyake vya mbao vinaingia taratibu na havitoki. Mimi nyundo nilikuwa naitumia kulazimisha, yeye anaitumia kuaga tu. Nikaanza kuwaza kwamba siku moja nitampa banda nikapumzike. Nililotaka ni dogo: alipokee likiwa salama, na yeye akiwa mzima.

Sasa nafika kwenye magunia.

Ninyi wa huku mnajua salfa. Asiyejua ni unga wa njano tunaopulizia mikorosho ili maua yasipate ubwiriunga, ule ukungu mweupe. Kila mwaka kabla ya msimu wa kupulizia, kila nyumba ya mkulima ina magunia yake, na kila nyumba inayaficha mahali pakavu penye kufuli. Wengine chini ya kitanda. Wengine juu ya dari. Na hakuna anayeufikiria ule unga kama kitu kinachowaka, kwa sababu tunauita dawa. Dawa tumezoea kuogopa usiingie mdomoni, basi.

Nilikuwa nimekwenda Kilimarondo kufunga mlango kwa mzee mmoja. Tembo walikuwa wamemvunjia ukuta wa jiko wakitafuta chakula, akataka mlango ambao tembo hawezi kuuingia. Nilimwambia, baba, tembo hakuingilia mlangoni, kapita ukutani. Akasema, "Wewe tengeneza, ukuta ni kazi ya mtu mwingine." Nikatengeneza. Mkongo mtupu, bawaba nene. Niliporudi Ruangwa nilikuta magunia ya salfa yamepangwa ndani ya banda, nyuma ya benchi, juu ya maranda yangu. Pembeni yake pampu ya kupulizia na dumu la petroli yake.

"Baba Somoe," nikamwita, "hii nini?"

"Salfa."

"Naiona ni salfa. Inafanya nini humu?"

"Wewe mwenyewe chumbani hutaki harufu yake. Niiweke wapi, kichwani?"

"Humu tunatoa cheche. Itoke."

"Nimetoka shamba sasa hivi, Mama Somoe. Kesho asubuhi inahama. Imekaa wiki nzima haijamuuma mtu."

Tukakubaliana kesho asubuhi. Ila Somoe alikuwa na mlango wa mteja wa kumaliza, akaamka mapema kuliko baba yake. Alikuwa anakata komeo la chuma kwa grenda. Gunia moja lilikuwa limetobolewa na ncha ya ubao, unga umemwagika kwenye maranda. Cheche zikaruka kule.

Mwenye kuwasha salfa mchana haoni moto. Mwali wake ni wa buluu, mwembamba, jua likiwaka huuoni. Somoe alichokiona ni maranda yanageuka meusi yenyewe. Akainama aangalie. Hapo akavuta ule moshi, kifua kizima.

Mimi nilikuwa jikoni. Harufu ilinifikia kama mtu amewasha viberiti vya duka zima. Nikatoka nikamkuta Somoe anatambaa mlangoni, macho yanamwagika, mdomo wazi, hewa haiingii. Nilimvuta kwa kanga yake mpaka upande upepo unakotoka. Bakari akaja mbio na ndoo ya maji, akaimwaga kwa nguvu zake zote. Unga ukaruka juu, moto nao ukaruka.

"Bakari, acha maji! Mchanga!"

"Mchanga uko wapi?"

"Pale panapojengwa, mjinga wee, umeukanyaga!"

Watu wakachota mchanga wa jirani anayejenga, kwa ndoo, kwa sufuria, kwa kofia. Wakaumimina juu, mzito, taratibu. Selemani aliziba pua kwa shati akaingia peku, akatoka na dumu la petroli amelikumbatia kama mtoto. Sijui angechelewa kidogo ningekuwa naandika nini leo. Huyo mume niliyesema nitamsema, hapo nilinyamaza.

Tulimpeleka Somoe hospitali kwa pikipiki, mimi nyuma nimemshikilia. Wauguzi walimpokea wakamwekea hewa ya mashine, na sitasahau mikono yao. Daktari akasema kifua kitapona, macho yatapona, ila asikaribie vumbi wala moshi mpaka yeye aseme. Akarudi nyumbani. Alikohoa usiku na mchana. Alikuwa akivuka ua anapita mbali na banda, uso ameugeuzia ukuta wa jirani. Milango ya wateja imesimama nusu. Sikumuuliza kitu. Nilijua anachowaza, maana na mimi nilikuwa nakiwaza.

Ndipo akaja Issa kutoka Nachingwea. Mjomba Mfaume alishatangulia mbele ya haki siku nyingi, na kwa Somoe, Issa ndiye mjomba. Neno lake ndilo linalofunga. Alishuka kwenye bodaboda, hakukaa, akaenda kwanza akachungulia banda, akarudi mkekani.

"Dada," akasema, "nilikuachia mpwa umfundishe au umbanike?"

Selemani akajikohoza. "Shemeji, magunia niliweka mimi. Lawama nipe mimi."

"Lawama siigawi. Mkoa mzima tunaweka hivyo hivyo. Hata mimi yangu iko chini ya kitanda."

"Kitanda hakitoi cheche," nikamwambia.

"Inategemea kitanda," akasema Bakari, ambaye hakuna aliyemwita.

Watu wakaangua kicheko, hata Somoe akacheka akaishia kukohoa. Mimi sikucheka. Issa akangoja kikohozi kiishe, uso wake ukabadilika.

"Mnasikia hicho kifua? Mpwa wangu harudi mle ndani. Nimesema."

"Nikiacha mbao nifanye nini, mjomba?" Somoe akauliza.

"Utalima."

"Kulima nalima. Mbao ndiyo inayonivusha msimu hadi msimu na hawa watoto. Ukinitoa mle, useme na nani atawalisha."

Issa hakutegemea kujibiwa. Akanitazama mimi, kana kwamba nimemfundisha yale maneno. Nilitamani, lakini yalikuwa yake. Akakuna goti. Mwisho akasema, "Nitakuja tena kabla msimu wa kupulizia haujaisha. Nikikuta hili banda bado ni ghala, nalifunga kwa kufuli langu na ufunguo nautupa mtoni."

Daktari aliporuhusu, tukaanza. Nawaambia jinsi tulivyofanya kwa sababu inawahusu.

Tulitoa kila kitu nje. Kila kitu, mpaka banda likabaki kuta na benchi. Msijaribu kupanga banda likiwa limejaa, mtakuwa mnahamisha uchafu kutoka kona hii kwenda ile na kujisifu. Uani tukafanya marundo: la kazi, la nyumba, la kutupwa. La nyumba lilikuwa kubwa kuliko yote. Sufuria za wifi nilimpelekea mwenyewe kwa mkono wangu, nimeziosha. Hakunisemesha siku kadhaa, kisha akanisemesha. Anayeogopa kununiwa hawezi kuwa na banda salama, hilo mlijue mapema. Baiskeli ya Selemani tulikuta kuku anaatamia kwenye tandiko. Tukamwacha aangue kwanza, maana hata ukali una mpaka.

Unga wa njano tuliufagia ukiwa umelowanishwa taratibu, tukaurudia mpaka kwenye nyufa za sakafu. Pembe ile iliyoungua Selemani akaichimba udongo akaweka mwingine. Hakuna aliyemwambia.

Kisha njia, kama ya Mjomba Mfaume. Mlangoni mpaka ukutani, mtu na mlango ubavuni. Mbao ndefu tukazilaza kwenye vigingi ukutani, nzito chini, nyepesi juu, maana ubao uliosimamishwa unangoja mtu apite tu. Msumeno, patasi, randa na skwea nikaanza kuvitundika. Somoe alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, kitambaa usoni, anaangalia. Akasimama.

"Mama, hiyo misumari ya kutundikia unaipiga kwa urefu wa nani?"

"Wangu."

"Na atakayetumia?"

Alikuwa sahihi. Mimi mrefu, yeye mfupi kama baba yake, angekuwa anapanda kigoda kila akitaka patasi, na makali yanamshukia usoni. Nikamkabidhi nyundo. Akaingia. Ndiyo mara ya kwanza kuingia tangu siku ile. Alisimama kidogo katikati ya njia, akavuta pumzi pole pole kama anayeonja mchuzi, kisha akaanza kung'oa misumari yangu.

Tangu hapo mwenye kupanga alikuwa yeye. Waya wa umeme uliokuwa unatambaa chini ya maranda akaupitisha juu, kwenye kenchi za paa. Kinga ya grenda niliyokuwa nimeivua zamani kwa sababu inaniziba, akairudisha bila kuniuliza. Grenda yenyewe akaitoa ndani kabisa, chuma kinakatiwa nje kwenye udongo mtupu, mbao inakatiwa ndani. Vanishi, tina na gundi vikapata sanduku lao kivulini, mbali na banda. Ndoo za mchanga mlangoni, na Bakari ameambiwa ni za nini. Maranda yanazolewa kila jioni, wafuga kuku wanakuja kuchukua wenyewe, hatuna haja ya kuwabembeleza. Kanga ya kiunoni inabaki nyumbani, kandambili vilevile. Kabla ya kubadilisha kisu cha mashine, plagi inatoka ukutani na inawekwa mahali unapoiona kwa macho yako. Swichi siyo kitu cha kukiamini, mtu yeyote anaweza kuigusa.

Selemani akajenga kijumba cha udongo mwisho kabisa wa kiwanja, upande ambao upepo unapeleka mambo mbali na nyumba. Cha salfa peke yake. Petroli ikapata tundu lake kwingine. Mlango wa kijumba kile niliutengeneza mimi, na ndiyo kazi yangu ya mwisho ya useremala. Mlango mdogo, mbaya kidogo, unafunga vizuri.

Issa alikuja siku ya jua kali, na bodaboda imebeba kitu nyuma. Somoe alikuwa mlangoni mwa banda na miwani usoni, anapima fremu. Tukasalimiana. Issa akampokea dereva ule mzigo, gunia la salfa, akalibeba begani, akawa anakuja moja kwa moja bandani.

"Mpwa wangu, hii nimeinunua hapa hapa mjini. Naenda Mandawa kuona mtu, nikirudi naichukua. Niiegeshe hapo ndani, ni mchana huu tu."

Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka pale, nachambua choroko. Mikono ikasimama. Yule ni mjomba wake. Ndiye aliyekuja kuamua kama banda litafungwa au litabaki, na gunia limeshafika kwenye kizingiti. Kwetu mpwa hamzuii mjomba mlangoni. Mimi mwenyewe sikuweza kumwambia mjomba wangu kosa lake mpaka aliponiamuru, huku mguu unaungua.

Somoe hakuondoka mlangoni. Akavua miwani, akapiga goti kama inavyotakiwa, akasema, "Mjomba, shikamoo tena. Humu haiingii."

"Mchana huu tu, nimekwambia."

"Hata kidogo, mjomba. Pale mwisho kuna kijumba chake. Nipe nikubebee."

"Unanikatalia mimi?"

"Nakatalia gunia. Wewe karibu ndani."

Jasho lilikuwa linamtiririka Issa, gunia zito, jua la mchana. Alimtazama yule mtoto aliyepiga goti na kuziba mlango kwa wakati mmoja. Alichungulia juu ya kichwa chake, akaona njia nyeupe kutoka mlangoni mpaka ukutani, akaona ndoo za mchanga. Sijui kama alikuja na gunia lile kwa makusudi. Nimemuuliza mara nyingi, ananiambia nichambue choroko zangu.

Aligeuka, akalipeleka gunia kijumbani mwenyewe, alikataa kusaidiwa. Aliporudi alikuwa anajipangusa unga wa njano begani, akasimama mbali na banda mpaka alipoona umekwisha. Kisha akaingia. Alizunguka, akagusa mbao, akavuta moja ya patasi za Mjomba Mfaume akaijaribu makali kwa kidole gumba, akairudisha palepale alipoitoa. Alitoka akaja kuchuchumaa karibu yangu.

"Dada, mlango wangu wa jiko umeoza chini. Unadhani utanitengenezea lini?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Mimi nimestaafu."

Ndiyo mara ya kwanza neno lile kutoka mdomoni mwangu, na lilipotoka nikaliona ni kweli. Issa akageuza shingo.

"Mpwa, unasikia?"

"Nimesikia, mjomba," Somoe akajibu, ameshavaa miwani, hageuki. "Wapo watu mbele yako. Kaa ule kwanza."